Majira, Sonona na Neno Dawa

Vidonge vya kupanga uzazi vina majina mengi, na tamu kuliko yote ni lile la Tanzania: majira. "Nameza majira," mwanamke husema, na aliye upande wa pili wa dirisha la dawa ameshaelewa. Neno tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya mkondo. Baharini likawa njia ya chombo, nchi kavu likawa msimu. Kidonge kinachomezwa kila siku, saa ileile, kimelistahili. "Vidonge vya uzazi wa mpango" ni jina la kwenye bango. Libaki huko.

Sonona, jina la ugonjwa wa huzuni nzito, nalo ni kitenzi cha zamani kilichogeuka nomino: kuuma ndani kwa ndani. Msononeko ni ndugu yake, hata kisonono. Nalipenda kwa sababu limekubali kwamba kuna maumivu. Unyogovu, lililoenea Kenya, lanukia ulegevu, na mgonjwa huyu ameshaitwa mvivu vya kutosha. Basi tuseme dawa za sonona. Kuiita amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo, "dawa ya usingizi" ni kumficha mtu ugonjwa wake.

Anayetumia majira pamoja na dawa za sonona huambiwa habari za "mwingiliano wa dawa". Kuingiliana kuna maana yake ya faragha, tuiache. Kasoro kubwa ni ule mnyambuliko wa -ana, unaodai kila dawa imemgusa mwenzake. Fluoksetini, nayo ya sonona, haiyapunguzii majira nguvu. Kabamazepini, ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka, ndiyo inayoyadhoofisha, kwa kulihimiza ini liondoe homoni upesi. Napendekeza "athari ya dawa kwa dawa": hapo mtendaji na mtendwa wanajulikana.

Lakini neno linalonisumbua zaidi ni dawa lenyewe. Tuna dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya meno; upana wake hauna mpaka. Daktari akiuliza, "Unatumia dawa nyingine?" ghafla linajikunja, linabaki la maradhi tu. Mwenye majira anajibu hapana, wala hajasema uongo. Mimba si ugonjwa, kwa hiyo kwake majira si dawa. Kosa limo katika swali, na sisi wenye lugha ndio wa kulirekebisha: "Kuna kidonge, sindano au mitishamba yoyote unayotumia, hata majira?"