Mumias, Mji wa Kungojea

Mtu atokaye Kakamega leo kwenda Mumias hasumbuki. Motokaa hupita upesi kati ya mashamba ya miwa, na kabla msafiri hajamaliza mazungumzo na jirani yake, amekwisha kushushwa sokoni. Aliye na haraka zaidi huvuka mto Nzoia akaenda zake Bungoma, asijue kwamba amepita katika mji ambao zamani watu walitembea miezi mingi kuufikia, na walipoufikia hawakuondoka upesi.

Watu wa pwani waliuita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, aliyekuwa Nabongo wa Wawanga. Shiundu alifariki mwaka 1882, akarithiwa na mwanawe Mumia, ambaye aliishi hata mwaka 1949. Lakini majina ya miji hayafi pamoja na wenyewe. Mskochi Joseph Thomson, aliyetoka pwani mwezi wa Machi 1883 na kufika huku Desemba, alimkuta Mumia akitawala, na bado watu wa msafara walisema, "Tumefika Kwa Sundu."

Yafaa tujiulize kwa nini misafara ilikaa sana mahali hapa. Sababu ya kwanza ni njaa. Kutoka Mombasa au Pangani njia ilipita Taveta na nchi ya Wamaasai, ikapanda Naivasha na Baringo, na katika sehemu kubwa ya njia hiyo chakula cha kununua kilikuwa haba. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili kichwani au begani, siku baada ya siku, miguu ikiwa na vidonda. Alipofika kwa Wawanga aliona mashamba ya mtama na wimbi, kunde, viazi vitamu na kuku, na wenyeji waliokuwa tayari kuviuza kwa shanga, nguo na waya. Nani angeondoka hapo kesho yake?

Sababu ya pili ni pembe za ndovu. Wawindaji walikwenda upande wa mlima Elgon na mbali zaidi, na wenzao wakabaki mjini kuwangojea.

Wala kungoja hakukuwa jambo geni kwa Mswahili. Alizaliwa mahali ambapo jahazi huja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na hapana awezaye kuuharakisha upepo. Hivyo ndivyo walivyosafiri wote wa bahari ile. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akafika hata Zaitun huko Uchina, mji uitwao leo Quanzhou, alikaa miaka kadhaa Delhi na miezi mingi katika visiwa vya Maldivi, akafanya ukadhi na kuoa. Nadhani ndiyo maana habari zake zina nyumba, vyakula na desturi za watu, si majina ya miji tu.

Msafiri akaaye hulazimika kujifunza. Wapwani walijifunza Kiwanga, na Wawanga wakajifunza Kiswahili sokoni. Wengine walioa, wakajenga, wakaswali. Uislamu ukaota mizizi katika mji ulio mbali sana na bahari, na Mumia mwenyewe akasilimu.

Mwaka 1885 alipita mtu aliyekuwa na haraka. Askofu James Hannington aliwasili akiwa na msafara mkubwa, akitaka kuingia Uganda kwa njia ya mashariki. Hakujua kwamba Buganda iliogopa mno wageni watokao upande huo. Mwezi wa Oktoba alichagua watu 50, akaondoka nao. Waliobaki aliwaacha kwa Mumia pamoja na kasisi William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa utumwani. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa watu wake. Jones alikaa mjini akingoja habari, na zilipofika hakuzipenda kuziamini. Hatimaye aliurudisha msafara pwani kwa miguu, akafika Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Mifupa ya askofu ilipatikana baadaye, ikakaa Mumias, kisha ikazikwa Namirembe mwaka 1892.

Lakini tusiusifu mno ukarimu wa Nabongo, maana haukuwa bure. Mgeni mwenye bunduki ni mgeni wa manufaa, na Mumia aliwahitaji wageni wa namna hiyo dhidi ya jirani zake. Mwaka 1895 Mwingereza C. W. Hobley aliweka ofisi ya serikali mjini pale, na mwaka huo huo jeshi lilitoka kwenda kuwapiga Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Wawanga walikuwamo katika jeshi hilo. Kwa Wabukusu, basi, njia ile ya misafara haikuleta shanga na mazungumzo tu. Ilileta mzinga wa Maxim, na vifo vingi nyuma ya kuta za udongo. Mji mmoja unaweza kuwa kivuli kwa msafiri na jua kali kwa jirani.

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na hapakuwa tena na sababu ya msafara kupanda Baringo. Mwaka 1920 hata ofisi za serikali zilihamishwa kutoka Mumias zikaletwa Kakamega. Makarani wakafunga masanduku yao wakaja huku. Waliosalia kule ni wale waliokwisha kukaa mno: wazee wa pwani na wake zao wa Kiwanga, na watoto ambao hawakuwa wameiona bahari, wakiitwa na adhana kila alfajiri.