Ukuta Uliomwangukia Buster Keaton

Dhoruba inapasua mji. Mwanamume mmoja mwembamba amesimama barabarani akiipa mgongo nyumba ya mbao ya ghorofa, hajui akimbilie wapi. Nyuma yake ukuta mzima wa mbele unabanduka na kumwangukia. Vumbi linatimka. Likitulia, yeye bado yuko palepale wima, kwa kuwa uwazi wa dirisha la juu umempitia mwilini kama shati linavyopita kichwani. Anatazama huku na huku, halafu anatimua mbio.

Filamu hiyo ni Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, na tukio hilo lilipigwa kando ya mto huko Sacramento, California. Ukuta ulikuwa mzito kweli; hukadiriwa kuwa tani 2. Kati ya mabega ya mwigizaji na fremu ya dirisha palibaki inchi chache tu. Hakuwekwa mtu mwingine asimame badala yake, wala hapakutumika ujanja wa kamera. Inasimuliwa kuwa baadhi ya wafanyakazi waligeuza nyuso pembeni ukuta ulipoachiwa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea kuambiana kwamba steringi hafi. Steringi huyu angekosea hatua moja, angekufa mbele ya kamera.

Buster Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas, wazazi wake wakiwa waigizaji wa majukwaani waliohama mji hadi mji. Akiwa bado mtoto mdogo alikwisha kuwa sehemu ya onyesho. Baba yake, Joe, alimrusha huku na kule jukwaani, na kwenye nguo za mtoto ulishonwa mshikio wa sanduku la safari ili ashikike vizuri. Watetezi wa watoto walilalamika mara nyingi, na ukitazama kwa macho ya leo huwezi kuwalaumu. Lakini ndiko alikojifunza kuanguka bila kuvunjika. Ndiko pia alikogundua jambo lililomjenga maisha yake yote: akicheka yeye, watazamaji hucheka kidogo, akikaza uso, ukumbi mzima hulipuka. Ule uso wake mkavu una asili hiyo.

Mwaka 1917 aliingia kwenye sinema kupitia mchekeshaji Roscoe Arbuckle, katika filamu fupi The Butcher Boy. Keaton mwenyewe alisimulia kwamba aliomba kamera, akaifungua kipande kwa kipande, akairudisha ilivyokuwa. Fundi alikuwa amepata karakana yake.

Tazama Sherlock Jr. ya mwaka 1924. Keaton ni kijana anayeendesha mashine ya kuonyeshea sinema. Anasinzia kazini, na katika ndoto anatembea hadi mbele ya ukumbi na kuingia ndani ya picha yenyewe. Kila anapotaka kukaa au kupiga hatua, mandhari inabadilika: bustani inageuka barabara, barabara inageuka mlima, kisha simba, jangwa, mwamba baharini, theluji. Yeye anabaki mahali pamoja kana kwamba hajasogezwa hata nywele. Wakati wa kupiga picha, umbali kati yake na kamera ulipimwa kwa vyombo vya wapima ardhi. Katika filamu hiyohiyo maji ya tangi la reli yalimwangukia kwa nguvu akapigiza shingo kwenye reli. Aliumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari akaona kwenye eksirei kwamba mfupa wa shingo uliwahi kuvunjika.

The General ya mwaka 1926 ndiyo aliyoipenda kuliko zote, nami nakubaliana naye. Ipo sehemu fupi ambapo gogo la taruma limelala juu ya reli. Keaton, aliyeketi mbele kabisa ya injini inayokwenda, ameshika taruma jingine kifuani. Analirusha, linaigonga ncha ya lile la relini, na yote mawili yanaruka nje ya njia. Ni mara moja tu, bila kukosea. Karibu na mwisho, treni halisi inadidimia na daraja linaloungua na kutumbukia mtoni, huko Oregon. Neno moja lisemwe wazi: shujaa wa hadithi hii yuko upande wa majimbo ya Kusini mwa Marekani yaliyopigania utumwa, na filamu inalinyamazia hilo. Katika College ya mwaka 1927 Keaton anajipaka uso rangi nyeusi kuigiza mhudumu mweusi. Mtazamaji wa Kiafrika ana haki ya kukerwa, na sioni sababu ya kumficha hilo.

Wahakiki wengi wa wakati ule waliiponda The General, na mapato yakawa duni. Mwaka 1928 Keaton alisaini mkataba na studio ya MGM, akapoteza uhuru wa kutunga na kuongoza apendavyo. Baadaye alikiri kwamba lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyofanya. Sauti ikaingia kwenye sinema, naye akazama kwenye pombe. Katika miaka ya 1950 mwigizaji James Mason, aliyenunua nyumba ya zamani ya Keaton, alikuta humo mikanda ya filamu za Keaton imefichwa. Hiyo ikawa sehemu ya uokoaji wa kazi zake. Keaton alifariki mwaka 1966, akiwa amewahi kushuhudia kizazi kipya kikimshangilia.

Filamu hizi hazihitaji mtafsiri wala mkalimani wa kibandani. Maandishi ni machache, na bibi na mjukuu wataelewa sawasawa. Anza na One Week ya mwaka 1920, ambayo haifiki nusu saa: maharusi wamepewa nyumba ya kuunganisha wenyewe, na hasidi amebadilisha namba za masanduku. Hakimiliki ya filamu zote nilizozitaja imekwisha nchini Marekani, kwa hiyo zinapatikana mtandaoni bila malipo.