Kitalu Kisichoguswa cha Budongo

Magharibi ya Uganda, katika nchi ya Bunyoro, uko msitu wa Budongo. Wakoloni wa Kiingereza waliuthamini kwa ajili ya mbao za mkangazi.

Katika miaka ya 1930 na 1940, mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling alipima viwanja vya miti humo, na mwaka 1947 akachapisha matokeo. Alieleza kwamba msitu huo hubadilika kwa hatua: mikangazi hustawi pamoja na miti mingine mingi, kisha muhimbi, mti mgumu mno, hutawala na aina nyingine hupungua.

Kwa hiyo wakuu wa misitu waliuhesabu muhimbi kuwa adui wa mkangazi. Katika miaka ya 1950 na 1960, sehemu kubwa ya msitu ilikatwa mbao, na miti isiyokuwa na soko ikatiwa sumu. Mikuyu nayo iliangamizwa, ingawa matunda yake ni chakula cha sokwe na ndege, ambao hueneza mbegu za miti.

Hata hivyo, wakuu hao walifanya jambo moja la busara. Kitalu kiitwacho N15 kilitengwa, kisikatwe wala kutiwa sumu, ili kiwe kipimo cha vitalu vingine vyote.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Ikaja vita ya 1978 na 1979, ambayo majeshi yetu yanaikumbuka vema, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1986. Utafiti ulizorota. Lakini kumbukumbu za vipimo hazikupotea, na katika miaka ya 1990 wataalamu walivirudia baadhi ya viwanja vya Eggeling na kuvipima upya. Waliweza pia kulinganisha msitu uliotiwa sumu na ule usioguswa, na kujua ni mabadiliko gani yametokana na mkono wa mwanadamu.

Kama N15 ingalikatwa, hasara hiyo isingalirekebishwa kwa amri wala kwa fedha, maana muhimbi huchukua karne kukomaa. Serikali zilipita, lakini kitalu kilibaki. Askari aliye zamu hulijua jambo hili: lindo hukabidhiwa kwa anayefuata likiwa salama, pamoja na daftari lake.