Jina Katika Daftari: Uchaguzi wa Vijiji na Mitaa Katika Nchi ya Mrima

Yako mambo ambayo watu huyahesabu kuwa ya sheria na ya ofisi tu, kumbe ni ya utamaduni pia. Mojawapo ni kuandikisha jina katika daftari la wapiga kura. Wengi wetu hulifanya jambo hili kwa haraka, au hatulifanyi kabisa, kwa kudhani ni kazi ya makarani. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi jina la mwananchi lilivyoingia katika daftari la serikali, na jinsi daftari hilo lilivyogeuka kutoka chombo cha kumtawala likawa chombo cha kumpa sauti. Mfano wetu ni Miono, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo kaskazini ya mto Wami, katika njia iendayo Saadani. Nchi ya Wazigua, Wakwere na Wadoe.

Tuanze na maneno, maana lugha ni ghala ya historia. Zamani katika pwani ya Mrima mkubwa wa mji aliitwa jumbe, na wakubwa wengine waliitwa madiwani. Leo mjumbe ni mtu aliyetumwa na wenziwe kuwasemea, na diwani ni mwakilishi wa kata katika halmashauri. Sisi washairi tunalo diwani letu pia, nalo ni mkusanyo wa mashairi. Ama diwani wa kata ni mkusanyo wa haja za watu. Kura nayo ina kisa chake. Neno limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahati nasibu: watu walipogawana kitu wasipatane, walipiga kura, na hukumu ikaachiwa Mwenyezi Mungu. Maneno yale yale tunayo hata sasa, lakini hukumu imewekwa mikononi mwa watu wenyewe.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Baada ya Wajerumani kuizima vita ya Bushiri na Bwana Heri wa Saadani, iliyopiganwa kati ya 1888 na 1890, waliweka maakida juu ya majumbe. Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya kibanda. Hapo ndipo jina la mkulima wa kawaida lilipoanza kutafutwa na serikali. Nalo lilitafutwa ili mwenyewe adaiwe, wala si ili aulizwe shauri. Mtu akaijua kalamu ya serikali kwanza kama mdai wake. Yafaa wanafunzi walikumbuke jambo hili, kwa sababu hofu ya kuandikwa jina iliyoonekana kwa baadhi ya wazee wetu haikuwa ujinga. Ilikuwa ni kumbukumbu.

Waingereza walikuja na mtindo wa kutawala kwa kuwapitia wenyeji, wakautungia sheria mwaka 1926. Bara walikuwapo watemi wa kutumiwa. Pwani, ambako mambo yalikuwa mbali na hayo, maliwali na maakida waliendelea kuwa watumishi wa kuteuliwa. Mtu wa kijijini alitawaliwa na mtu aliyemjua kwa sura, lakini hakumchagua.

Mlango wa kwanza wa kura ya taifa ulifunguliwa mwaka 1958, nao ulikuwa mwembamba mno. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa na sheria. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima wengi, na wanawake wengi zaidi, walibaki nje ya mlango huo. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilikata shauri kuingia katika uchaguzi huo juu ya kasoro zake zote, na Mwalimu Julius Nyerere akachaguliwa katika Jimbo la Mashariki. Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa rais wa Jamhuri, kila raia mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura, bila kuulizwa shilingi wala cheti. Mwaka 1965 wagombea wawili wa chama kimoja walishindana katika majimbo mengi kwa alama za jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma asikose kuchagua.

Utawala wa karibu nao ulikuwa na safari yake. Mwaka 1963 nguvu za kisheria za machifu zilifutwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na mwaka 1975 sheria ikavipa vijiji serikali yao, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwaka 1992, uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ukafanyika mwaka 1994 kwa utaratibu mpya, na tangu hapo umekuwa ukifanyika kila baada ya miaka mitano.

Basi utaratibu wenyewe ni upi? Kijijini huchaguliwa mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na wanawake wametengewa nafasi zao. Mjini, kwa mfano Dar es Salaam, huchaguliwa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake. Mpiga kura sharti awe raia, awe ametimiza miaka 18, na awe mkazi wa mahali hapo. Orodha ya wapiga kura huandikwa upya kwa ajili ya uchaguzi huo, kisha hubandikwa hadharani ili watu waikague na kuweka pingamizi. Mwaka 2024 uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa tarehe 27 Novemba, chini ya usimamizi wa ofisi ya TAMISEMI.

Hapa ndipo wengi hupotea. Liko daftari jingine, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 2005, na ambalo tangu 2015 huchukua na alama za vidole. Hilo ni la Tume ya uchaguzi, nalo ni kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Mwenye kadi ya Tume ambaye hakujiandikisha katika orodha ya kitongoji chake hawezi kumchagua mwenyekiti wake. Daftari moja halimwombei mtu nafasi katika jingine.

Na je, hasara yake ni kubwa? Twatazame ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, wala haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika nchi kama ya Miono, ambako mkulima na mfugaji huyatazamia maji na majani yale yale, anayekaa katika kiti cha kijiji ana neno kubwa kuliko watu wengi wenye vyeo vya mbali. Mbunge aweza kuwa mbali kwa miezi. Mwenyekiti wa kitongoji huamkiwa kila asubuhi.

Lakini daftari peke yake halitoshi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, baadhi ya vyama vikajitoa, na viti vingi vikapata wenyewe bila kura kupigwa. Mwananchi aliyejiandikisha kwa bidii, kisha akakuta hana wa kumchagua, amepewa kalamu akanyimwa karatasi. Heshima ya daftari hulindwa na pande mbili: mwananchi kwa kufika, na msimamizi kwa haki.

Walimu wetu wanaweza kulifundisha jambo hili bila gharama. Orodha inapobandikwa, wanafunzi na waisome. Wahesabu majina ya vijana na ya wanawake. Wawaulize wazee ni lini jina lao liliandikwa mara ya kwanza, na kwa sababu gani. Watajifunza kwamba kitabu kilichoanza kwa kuhesabu vibanda kimekuja kuhesabu watu na mawazo yao, na kwamba njia hiyo ilipitiwa kwa miaka mingi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Asiyeandikwa naye atakatiwa shauri la shamba lake na walioandikwa.