Gor Mahia na Swali la Uwanja

Msomaji, ukisimama kwenye njia panda ya Kisian siku ambayo Gor Mahia wanacheza Kisumu, utaona mambo ya kufurahisha. Hapo ndipo barabara itokayo Busia na Maseno inapokutana na ile itokayo Bondo, na reli ya Butere haipiti mbali. Tangu asubuhi magari hupita yamejaa watu waliovaa kijani na nyeupe, wengine wamekaa ndani, wengine wamening'inia mlangoni, na wote wanaimba. Wote wanaelekea mjini. Siku moja ya namna hiyo mwanafunzi wangu aliniuliza, "Mwalimu, Gor nyumbani kwao ni wapi hasa?" Nikafungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Nilikuwa nimetaka kusema Kisumu, lakini chama hicho makao yake ni Nairobi. Nikataka kusema Nairobi, nikajiuliza, Nairobi mahali gani? Kwa kweli hakuna kiwanja hata kimoja, Nairobi wala Kisumu, ambacho Gor Mahia waweza kukionyesha kwa kidole na kusema, hiki ni chetu.

Jambo hili ni la ajabu, nawe utaliona ajabu zaidi ukijua historia ya watu walioanzisha chama hicho.

Gor Mahia ilianzishwa mwezi wa Februari 1968, baada ya kuunganishwa kwa timu mbili za Waluo, yaani Luo Union na Luo Stars. Jina walilolichagua lilikuwa la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa pili wa ghuba yetu, ambaye wazee husimulia kuwa aliweza kujigeuza umbo awatoroke adui zake. Katika mwaka ule ule wa kwanza timu mpya ilichukua ubingwa wa Kenya. Jina la zamani, Luo Union, halikufa mara moja. Lilirudi katika ligi, likapata ubingwa mwaka 1975, na katika miaka ya 1976 na 1977 likashinda kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila katika vyama, Luo Union ikaitwa Re-Union, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia haikuguswa, maana jina lake lilikuwa la mtu, si la kabila.

Sasa fikiri habari za ile Luo Union kubwa, chama cha watu wote, ambacho timu ya mpira ilikuwa tawi lake tu. Hao hawakuwa watu wasioweza kujenga. Mwaka 1947 Oginga Odinga na wenzake walianzisha shirika la biashara lililoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Waliuza hisa kwa watu wa kawaida, walimu, makarani, wavuvi na wenye maduka madogo. Kwa fedha hizo wakajenga jumba la Ramogi House mjini Kisumu, katika siku ambazo majumba ya mjini hayakuwa mali ya Mwafrika. Tena, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union, alipopigwa risasi na kuuawa mwaka 1953, Waluo waliokuwa wakifanya kazi katika miji ya Afrika Mashariki walichanga fedha, nao ukumbi wa Ofafa Memorial ukajengwa Kisumu. Ungali umesimama. Nikiupita huwa najiuliza swali moja. Watu walioweza kujenga ukumbi kwa michango ya watu wenye mishahara midogo, walishindwaje kujenga kiwanja cha mpira, mchezo wanaoupenda kuliko mikutano?

Jibu moja ni kwamba hawakuona haja. Nairobi kulikuwa na kiwanja cha Jogoo Road, ambacho baadaye kiliitwa City Stadium. Kilikuwa mali ya baraza la jiji, nacho Gor walikizoea miaka mingi hata kikafanana na chao. Mwaka 1983 ulifunguliwa uwanja wa Nyayo. Mwaka 1987 ukawa tayari ule mkubwa wa Kasarani, wenye nafasi ya watu 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya michezo ya Afrika nzima. Serikali ilijenga, na chama kikaingia na kucheza. Anayekaribishwa vizuri hana haraka ya kukata miti ya nyumba yake.

Na huko Kasarani ndiko Gor walikopata sifa yao kubwa. Mwezi wa Desemba 1987 walikutana na Espérance ya Tunisia katika mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Katika mchezo wa kwanza, kule Tunis, walikuwa wametoka sare, mabao 2 kwa 2. Nairobi, Peter Dawo akafunga, Watunisia wakasawazisha, na mchezo ukaisha 1 kwa 1. Kwa hesabu ya mabao ya ugenini kombe likawa la Gor. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya Kenya iliyoshinda kombe la vilabu vya Afrika. Tazama basi: siku iliyo kuu kupita zote katika historia ya chama, wenyeji walikuwa wageni katika nyumba ya serikali. Wengi tunaikumbuka furaha ya siku ile. Ni wachache wanaouliza habari za hesabu, yaani nani aliyekuwa na funguo za mlango, na nani aliyekata kodi katika viingilio.

Ili tuelewe uzito wa funguo hizo, natuvuke bahari kidogo, tukawatazame watu wengine. Safari hii Gor wenyewe wametutangulia. Mwaka 2018, baada ya kuishinda Simba ya Dar es Salaam mabao 2 kwa 0 katika fainali iliyochezwa Nakuru, Gor Mahia walipata nafasi ya kwenda Uingereza kucheza na Everton. Tarehe 6 Novemba waliingia katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, wakafungwa mabao 4 kwa 0. Watu waliongea sana juu ya mabao hayo manne. Mimi nilivutwa na uwanja wenyewe.

Everton nao walikuwa wapangaji zamani. Tangu 1884 walicheza Anfield, na mwenye kiwanja alikuwa mtengeneza bia tajiri, John Houlding. Mwanzo walilipa pauni 100 kwa mwaka. Timu ilipozidi kupata watazamaji, kodi nayo ikapanda hata ikafika pauni 250. Katika 1891 Everton wakawa mabingwa wa Uingereza, lakini wachezaji wao bado walikuwa wakivalia nguo katika hoteli ya Houlding, na Houlding alitaka chama kinunue ardhi kwa masharti yake. Mwanzoni mwa 1892 wanachama walikutana, wakabishana kwa ukali, wengi wakaamua kuhama. Kiongozi wao, George Mahon, alikuwa mpiga kinanda wa kanisani. Walipata shamba ng'ambo ya bustani ya Stanley, bovu, lenye mabonde, lililohitaji kusawazishwa na kukaushwa maji. Daktari mmoja, James Baxter, aliwakopesha pauni 1,000 bila riba. Chama kikageuzwa kuwa kampuni, hisa zikauzwa, na tarehe 24 Agosti 1892 Goodison Park ukafunguliwa. Mwaka 1895 waliinunua ardhi yenyewe. Na Houlding, aliyebaki na kiwanja kitupu, akaanzisha timu yake mwenyewe ili kijae. Timu hiyo ni Liverpool, unayoifahamu. Wewe unayebishana na mwenzako bwenini usiku juu ya timu hizo mbili, ujue kuwa mnabishana juu ya ugomvi wa kodi ya kiwanja.

Kule Goodison walikaa miaka zaidi ya 130. Mwishoni ukawa mdogo na wa kizamani, umebanwa na nyumba za watu pande zote. Everton walijaribu kuhamia mahali pengine mara mbili wakashindwa, kisha wakapata gati la zamani la meli liitwalo Bramley-Moore, kando ya mto Mersey. Kazi ilianza 2021. Timu ya wanaume ilicheza mchezo wake wa mwisho wa ligi Goodison mwezi wa Mei 2025, na katika msimu uliofuata ikaingia uwanja mpya wenye nafasi zaidi ya 52,000. Goodison haukubomolewa, ulipewa timu ya wanawake. Lakini usidhani kuhama huko kulikuwa karamu tupu. Gharama zilikuwa za mamia ya mamilioni ya pauni, chama kikaelemewa, na katika msimu wa 2023/24 kilinyang'anywa pointi mara mbili kwa kupata hasara kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mmiliki wa wakati huo akauza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba uwanja ni baraka tu hajakuambia yote.

Turudi sasa kwetu. Sisi Waluo tuna desturi ya kuanzisha boma jipya, nayo huenda ndiyo inayoeleza jambo hili vizuri kuliko mifano ya Liverpool. Kijana hukaa kwanza katika simba, nyumba ndogo iliyo ndani ya boma la baba yake. Anaweza kuoa humo na kupata watoto humo. Walakini siku hufika ambapo lazima atoke. Huondoka alfajiri na mapema, pamoja na baba yake au mzee wa ukoo, mke, na mtoto wa kwanza wa kiume, wamechukua jogoo, shoka na moto. Mpaka afanye hivyo, hata awe na mvi, shauri la boma si lake. Ng'ombe wakiingia au wakitoka, mwenye lango ni mwingine. Sidhani nakosea nikisema kwamba Gor Mahia, mwenye mataji ya ligi zaidi ya 20, bado yumo katika simba.

Ahadi za kumjengea zimetolewa mara nyingi, hasa nyakati za uchaguzi, na zikapita pamoja na uchaguzi. Katika miaka ya karibuni wapenzi wake wengi wa upande wetu walianza kusema kwamba sasa nyumba imepatikana, nao wakawa wanaonyesha Mamboleo. Ni kweli kwamba Kisumu ilipata uwanja mzuri huko, uliopewa jina la Jomo Kenyatta, katika ardhi ya zamani ya maonyesho ya kilimo. Sherehe za Madaraka za mwaka 2021 zilifanyika hapo. Mimi mwenyewe niliufurahia, kwa kuwa ule uwanja wa zamani wa Moi mjini ulikuwa umechoka. Lakini tazama uwanja wa umma unavyofanya kazi. Mwezi wa Oktoba 2025, Raila Odinga alipofariki, maelfu na maelfu walifurika Mamboleo kumuaga, na ndivyo ilivyostahili. Uwanja wa umma ni wa sherehe za taifa, wa misiba ya taifa, wa mikutano ya dini na wa mashindano ya shule zetu. Kasarani vilevile hufungwa ukikarabatiwa, kama ulivyofungwa kabla ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2025, nayo timu hutafuta pa kucheza, mara Machakos, mara Kisumu. Simlaumu mtu. Mpangaji hana neno siku mwenye nyumba anapopata wageni.

Majirani zetu wa Tanzania hawajatuzidi sana, ila hatua kadhaa. Yanga wana jengo na kiwanja chao cha Kaunda pale Jangwani, ingawa bonde la Msimbazi hukifurika mvua ikinyesha. Simba walifungua viwanja vyao vya mazoezi Bunju mwaka 2019. Hata hivyo michezo yao mikubwa wameichezea katika uwanja wa serikali wa Benjamin Mkapa. Ni Azam, timu ya kampuni, iliyojijengea uwanja kamili, kule Chamazi. Hapo utaona tofauti: kampuni ina mwenyewe mmoja ambaye hukaa mezani akaamua. Chama kina wapenzi laki nyingi, lakini wapenzi si wanachama, na wanachama si wenye hisa. Anayeimba njia nzima kutoka Bondo hadi mjini hana karatasi yoyote inayosema kwamba Gor ni yake. Wale wa 1947 walikuwa nayo. Karatasi ya hisa ya Luo Thrift ilihifadhiwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo.

Yule mwanafunzi hakuridhika niliponyamaza. Siku ya pili alikuja na hesabu aliyoifanya nyuma ya daftari la kemia. Alikuwa amechukua idadi ya magari aliyoyahesabu Kisian kati ya saa tatu na saa sita, akazidisha kwa watu 14 kila gari, kisha kwa shilingi 200 kila mtu, kisha kwa michezo ya mwaka mzima. Nilimwonyesha mahali alipokosea kuzidisha. Akairekebisha, akaandika chini yake "hisa", akapiga mstari, akaniuliza ardhi ya Kisian ni bei gani kwa ekari. Nikamwambia aende akamwulize babu yake.