Makelele ndani ya mwanga: namna lazeri ilifika kuwa saa

Leo niweke pembeni mambo ya kazi na diplome. Nataka kuandika juu ya historia moja ambayo wengi wetu wa fizike tuliipita mbio kwenye kozi ya optike. Wenzangu wa Droit na wa Lettres, musikimbie, hesabu iko kidogo tu.

Theodore Maiman aliwasha lazeri ya kwanza mwezi wa 5 mwaka 1960, kule California. Ndani ya lazeri mwanga unaenda na kurudi kati ya vioo, na mule hamuna frekansi moja tu. Ziko nyingi, kila moja wanaiita modi, na kila moja inaimba kivyake. Mwaka 1964, Hargrove, Fork na Pollack wa Bell Laboratories walichukua lazeri ya heli na neoni, wakaweka ndani kifaa kinachotikiswa na sauti kwa mwendo uleule wa mwanga kwenda na kurudi. Modi zikashikana. Mwanga uliokuwa unatoka mfululizo ukaanza kutoka kwa mapigo: pa, pa, pa, kama ngoma.

Kutoka hapo wakaanza mashindano: nani ataleta pigo fupi zaidi? Mwaka 1972 Ippen, Shank na Dienes walifika pikosekunde 1,5. Mwaka 1987 yule yule Fork, na wenzake, wakafika femtosekunde 6. Kwa femtosekunde moja mwanga unatembea mikrometa 0,3 tu, hata unene wa unywele haufikie.

Sasa, pigo fupi ni jambo moja. Pigo kuja saa yake ni jambo lingine kabisa. Mpiga ngoma anaweza kuwa na mkono mwepesi sana na bado akawaharibia wachezaji, juu mara anatangulia, mara anachelewa. Tufanye hesabu ile niliyoahidi. Lazeri ya mita 1,5 kati ya vioo inatoa pigo moja kila nanosekunde 10, maana yake mapigo milioni 100 kwa sekunde. Kioo kimoja kikisogea mikrometa moja tu (mlango umefungwa kwa nguvu, motokari nzito imepita inje), kila mzunguko unachelewa karibu femtosekunde 6,7. Ni kidogo, ndiyo, lakini deni linajumlishwa: kisha sekunde moja, mapigo yamechelewa zaidi ya nusu mikrosekunde. Na hata ukizuia vioo visitikisike, bado atomu zenyewe zinatupa mwanga wa ovyo ovyo ndani ya ule mzuri. Makelele hayo hakuna fundi wa kuyamaliza.

Njo hapa anaingia Dietrich von der Linde, wa Universite ya Essen, Ujerumani. Mwaka 1986 alitoa makala ambayo mimi, kwa maoni yangu, naiweka juu ya rekodi zote za mapigo mafupi. Shida ilikuwa hii: kifaa gani kitapima kuchelewa kudogo namna ile? Yeye hakutengeneza mashine mpya. Alichukua fotodiodi na mashine ya kawaida ya kuonyesha nguvu ya kila frekansi, ile ambayo watu wa radio walikuwa nayo tayari. Mapigo yakifuatana sawasawa, mashine inaonyesha misumari: mmoja kwa frekansi ya mapigo, mwingine kwa mara 2 yake, mara 3, na kuendelea. Makelele yanaonekana kama vumbi chini ya kila msumari. Kama ni nguvu ya pigo inayopanda na kushuka, vumbi ni lilelile kwa kila msumari. Kama ni saa inayoyumba, vumbi linaongezeka kwa kareya ya namba: msumari wa 10 unakuwa nalo mara 100 kuliko wa kwanza. Basi unalinganisha msumari wa chini na wa juu, na makosa mawili yanaachana yenyewe.

Mwaka 1993 Haus na Mecozzi wakaandika nadharia kamili ya makelele hayo, hata sehemu inayotoka kwa kwantumu. Sasa mtu alijua anapambana na nini.

Mavuno yalionekana kwenye miaka ya 1999 na 2000. Mapigo yanayofuatana sawasawa, ukiyaangalia upande wa frekansi, ni kama meno ya kitana: yameachana kipimo kimoja. Saa ikiyumba, meno nayo yanayumba. Ikitulia, unaweza kuhesabu frekansi ya mwanga wenyewe, kazi ambayo mbele yake ilidai mlolongo wa mashine za kujaza chumba kizima. Theodor Hänsch kule Garching na John Hall kule Boulder walifanya hivyo na vikundi vyao, wakagawana nusu ya Nobel ya fizike ya 2005. Mwaka 2011, watu wa NIST, Boulder pia, wakageuza njia: walifunga kitana kwa lazeri iliyotulia sana, wakatoa kwake mikrowevu yenye makelele madogo kuliko ya vifaa vya umeme vya kawaida.

Sekunde yetu ya leo bado ni ile ya 1967, mitikisiko 9 192 631 770 ya sezyumu. Saa zinazotumia mwanga zimeshaipita kwa usahihi, na zinahesabiwa kwa vitana hivyo. Mwaka 2030 njo unatajwa kwa kubadilisha maana yake.