Kutua Tanga na Kugoma: Maneno ya Kusimamisha Kazi katika Kiingereza na Kiswahili

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta visawe vya neno mgomo hukuta mfululizo wa maneno yaliyopangwa kana kwamba yote ni mamoja: "strike", "turn-out", "walkout", "boycott", na mengineyo. Nasi walimu wa tafsiri aghalabu tumeridhika kuyakusanya yote chini ya neno letu moja. Makala haya yanadai kwamba maneno hayo si visawe, na kwamba tofauti iliyo kubwa kuliko zote, yaani tofauti baina ya mtu aliyeondoka kazini na mtu aliyeisimamisha kazi, imehifadhiwa katika historia ya maneno yenyewe, ya Kiingereza na yetu pia.

Tuanze na "strike". Kwa kuwa maana yake ya kawaida ni kupiga, wako wanaodhani kuwa mgomo uliitwa hivyo kwa sababu ni pigo kwa mwajiri. Sivyo. Katika lugha ya mabaharia wa Kiingereza kitenzi hicho kilikuwa tangu kale na maana ya kutua tanga na kushusha foromali. Mwaka 1768, katika mzozo wa ujira, mabaharia wa meli za biashara katika bandari ya Sunderland, na wenzao wa mto Thames huko London, walipanda melini na kuzishusha foromali, meli zikawa hazina njia ya kusafiri. Hatimaye mafundi wa nchi kavu, ambao hawakuwa na tanga lolote la kutua, nao wakalichukua neno hilo.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Tanga lililotuliwa halikuchanwa. Lipo, na mikono iliyolitua ndiyo itakayolitweka. Baharia wa mwaka 1768 hakukikimbia chombo. Alibaki pale pale bandarini akingoja kusikizwa, na ujuzi wake wa kamba na mlingoti ndio uliokuwa hoja yake.

Neno "turn-out" lina picha nyingine, ya watu kutoka nje ya kiwanda, na lilienea sana katika miji ya nguo ya kaskazini ya Uingereza. Katika riwaya ya Elizabeth Gaskell, North and South (1855), maneno haya mawili yanaishi pamoja, ingawa baadaye "turn-out" lilififia. Sijui kama ni sadfa kwamba neno lililoshinda ni lile lisilosema lolote juu ya kuondoka. Maana kuondoka kulikuwa na hatari yake. Sheria za mwaka 1799 na 1800 zilikuwa zimekataza wafanyakazi kuungana kudai ujira, na hata baada ya kufutwa mwaka 1824, ilibaki sheria ya bwana na mtumishi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1823, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kufungwa hadi miezi mitatu pamoja na kazi ngumu, ilhali bwana aliyevunja mkataba huo huo alishtakiwa kwa madai tu. Waingereza waliondolewa adhabu hiyo mwaka 1875.

Yaliyoondolewa kwao yaliletwa kwetu. Sheria ya bwana na mtumishi ilipitishwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ndiyo Kenya ya leo, mwaka 1906, nayo ilimtoza faini au kumfunga mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake. Neno ambalo Kiswahili kinalo kwa kosa la namna hiyo ni kutoroka. Neno hili si jepesi. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walikuwa na makazi yao katika bara ya pwani, kama vile Fuladoyo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mwaka mmoja tu baada ya sheria ile. Kwa hiyo utoro ulipata mwenyewe mpya kabla yule wa kwanza hajazikwa.

Hapa ndipo thamani ya kitenzi kugoma inapodhihirika. Tazama kinavyotumika kila siku. Punda amegoma: amesimama katikati ya njia na mzigo mgongoni, havutiki wala hasukumiki. Gari limegoma: liko mbele yako, haliendi. Katika mifano yote hii mwenye kugoma yupo. Mtoro hukimbia, mgomaji husimama. Kuna wanaolalamika kwamba neno hili linamshusha mfanyakazi hadhi kwa kumlinganisha na mnyama mkaidi. Kwangu mimi hoja hiyo haina uzito. Neno linalosema, "Sikutoroka, nipo, lakini siendi," linalingana na lile la kutua tanga kuliko tafsiri yoyote ambayo kamati ingeweza kubuni.

Mombasa ilionyesha jambo hili tarehe 13 Januari 1947, wakati wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani walipogoma kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Hawakutawanyika kurudi makwao. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira uliojulikana kwa jina la Kiwanja cha Maskini. Wafaransa nao wana jambo linalokaribiana na hili: neno lao la mgomo, "grève", limetokana na Place de Grève, uwanja wa Paris ulio kando ya mto Seine ambapo vibarua walikusanyika kutafuta kazi. Huko uwanja uliwapa watu neno. Hapa watu waliupa uwanja jina.

"Boycott" ni habari nyingine kabisa, nalo halipasi kuwekwa chini ya mgomo. Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika wilaya ya Mayo, Ireland. Mwaka 1880 majirani waliacha kumvunia, kumuuzia na hata kusema naye, mpaka mavuno yake yakavunwa na watu hamsini hivi walioletwa kutoka kaskazini chini ya ulinzi wa askari wengi. Kitendo hicho kwa Kiswahili ni kumtenga mtu. Baadaye neno lilihama kutoka kwa mtu hadi kwenye bidhaa, uchaguzi na mikutano, na hapo ndipo kususia kunapofaa. Tofauti ya kutenga na kususia tunayo sisi, Kiingereza hakina.

Juu ya mgomo baridi nitasema machache. Inasimuliwa kwamba makuli wa Glasgow, waliposhindwa katika mgomo wa mwaka 1889, walirudi kazini wakaamua kufanya kazi vibaya sawasawa na vibarua wa mashambani walioletwa kushika nafasi zao, ambao waajiri walikuwa wamewasifu. Waskoti waliita hivyo "ca' canny", kwenda kwa hadhari. Kiswahili kilichagua baridi, na kwa maoni yangu kimechagua vizuri zaidi, kwani mwenye kugoma hivyo yupo kazini, mikono inakwenda, ila moto haupo.

Linabaki "lockout", mwajiri anapofunga mlango ili wafanyakazi wasiingie. Wako wanaoandika "mgomo wa waajiri". Tafsiri hiyo yafaa kuachwa: anayegoma hanyimi ila kazi yake mwenyewe, na huyu ananyima ya wengine. Kufungiwa nje kunatosha.